Lori Liingie Kinyumenyume

Asubuhi ile Bilonda alikuta wembe mpya mezani pake. Ulikuwa bado ndani ya karatasi yake, umewekwa sawasawa katikati, kama mtu anavyomwekea mgeni kijiko kando ya sahani. Katika ofisi ya wachoraji wa mgodi kila mtu alikuwa na wembe, kwa sababu wino ukishakauka juu ya kalki, ile karatasi ngumu inayopitisha mwanga, haufutiki kwa kifutio, hukwanguliwa. Lakini wembe wake yeye ulikuwa ndani ya saraka, umeshika kutu. Huu ulikuwa umetoka dukani, na mwezi ule wa tatu wa mwaka 1993, mjini Kolwezi, hapakuwa na mtu aliyekuwa akitoa kitu kipya bure.

Shefu Nkulu alikuja akasimama nyuma yake. Zamani alikuwa mtu mnene. Sasa koti lilimning'inia mabegani kana kwamba ameliazima.

"Mama Bilonda."

"Ndiyo, Tata Shefu."

"Zile plani saba za bato. Kartushi yake unaijua."

Angekosaje kuijua? Kartushi ni kile kisanduku kilichochorwa pembeni mwa plani, yaani mchoro wa kazi, chini mkono wa kulia, panapoandikwa nani alichora, nani alihakiki, na tarehe gani. Ndicho kitu cha kwanza anachofundishwa mchoraji.

"Unakwangua jina lake, unaandika lako," alisema Nkulu. "Bale batoto benye kufukuza batu banakuya kesho kukagua biro yetu hii. Bakikuta jina ya Mukasai juu ya plani batachoma biro nzima, na sisi ndani. Na plani bila jina, atelye ya kuchomelea haiwezi kuipokea. Basi ni jina lako."

Hakulitaja jina lenyewe. Kwa siku tisa, tangu vijana waanze kuwafukuza mjini watu waliotoka Kasai, halikuwa limetajwa mle ofisini, ingawa kiti cha mwenye jina kilikuwa pale pale, na mto wake wa kitenge juu yake.

"Na plani ya saba haikuisha," Nkulu aliendelea, sasa akitazama dirishani. "Pete za minyororo ya kufungia lori hazijawekwa. Uende gare, kule stesheni ya treni, umuulize zinakaa wapi. Umpelekee na unga kidogo. Mi siwezi kwenda. Sura yangu inajulikana."

Bilonda alitaka kusema: kwa hiyo nimuulize kwanza, halafu ndipo nimkwangue? Lakini maneno hayo yalibaki kooni, kama yalivyobaki maneno yake mengi. Si bure wenzake walimwita Mama Kimya.

"Ndiyo, Tata," alisema.

*

Hilo bato, kama walivyoliita, lilikuwa chombo cha kuvushia magari katika ziwa la Nzilo, pale mto Lualaba ulipozuiwa kwa bwawa la umeme. Ng'ambo ya pili kulikuwa na mahindi, na upande huu kulikuwa na njaa. Mshahara ulikuwa umekatika miezi mingi. Mfanyakazi wa mgodi akibahatika alipewa mfuko wa unga mwisho wa mwezi, akashukuru, akaenda nyumbani kuugawa kwa vikombe. Unga huo ulitegemea malori ya ng'ambo, na malori yalitegemea pantoni moja ya zamani iliyojikokota juu ya maji karibu saa nzima kila safari. Tena ilikuwa haina pa kutia nanga. Ziwa la bwawa halina ukingo wa kudumu: leo maji yako kwenye majani, baada ya miezi mitatu yamerudi nyuma hatua themanini na kuacha matope mekundu. Ukijenga gati leo, kiangazi kitalikuta limesimama nchi kavu kama kanisa lisilo na waumini.

Tata Ntumba, mwenye kile kiti cha ofisini, ndiye aliyesema: basi tusijenge gati, chombo chenyewe kiwe gati. Kiwe na tumbo bapa ili kipande ufukweni popote maji yalipofika, na mbele kiwe na mlango unaoshuka chini kama daraja, lori literemke bila kulowa. Na kiwe na mbio. Kilomita thelathini kwa saa, ili safari ya saa nzima iwe ya dakika kumi.

Watu walicheka. Mlango bapa mbele ya chombo ni ukuta, na ukuta haukimbii majini. Husukuma maji kama ng'ombe anayesukuma ua. Ntumba naye alicheka pamoja nao, kisha akaenda nyumbani akakata bati la mafuta ya kupikia, akavichomelea vipande kwa risasi iliyoyeyushwa, akatengeneza chombo cha urefu wa mkono. Chini yake alikuwa ameacha mfereji, kutoka mbele mpaka nyuma, katikati ya mbavu mbili nyembamba. "Maji na upepo vipite humu," alimwambia Bilonda. "Kikishika mbio, upepo unakiinua. Hakikati maji tena, kinateleza juu yake. Mlango unabaki hewani, haujui hata kama kuna maji."

Walikijaribu katika bwawa la kuogelea la klabu ya wafanyakazi, lililokuwa na maji ya kijani tangu Wazungu wa mwisho waondoke. Bilonda aligeuza baiskeli miguu juu na kuzungusha pedali, na ringi la nyuma likawa linavuta kamba. Ntumba alisimama upande wa pili na mizani ya kupimia nyama, akisoma nguvu ya mvuto kwa sauti, suruali imekunjwa mpaka magotini. Mahali pa lori waliweka vipande vya shaba vilivyokatwa kutoka kwenye mabamba ya kiwandani, vimepangwa safi, bapa, kila kimoja na mwenzake. "Zungusha, Mama!" alipaza sauti. "Zungusha kama unafukuzwa na mume!" Na siku ya kumi na mbili bati lile lilinyanyua pua, likakaa juu ya maji, likaja mbio mpaka likagonga ukuta. Mwanamume mwenye miaka hamsini na sita akapiga vigelegele kama mwanamke arusini.

Siku hiyohiyo alimruhusu achore plani ya kwanza. Bilonda alipomaliza, aliacha nafasi ya jina tupu, kwa haya. Ntumba alikataa.

"Ukiweka jina haiko kujisifu," alimwambia. "Unawaambia batu: hiki kikizama, mukuye kwangu, mi njo wa kuuliza. Plani bila jina ni mtoto bila baba. Kila mutu anamupiga."

Basi akaandika: amechora Bilonda, na Ntumba akaandika: amebuni na kuhakiki, Ntumba K. Na hilo la pili ndilo lililowekewa wembe.

*

Njia ya stesheni alikuwa akiipita tangu utoto, lakini siku hiyo aliipita kama mgeni. Kwenye lango la nyumba moja mtu alikuwa ameandika kwa mkaa BILULU, yaani wadudu, na mlango ulikuwa umeng'olewa pamoja na bawaba zake. Barabara ya reli ilikuwa imejaa malori yanayoshuka na watu na vyombo vyao: magodoro, masufuria, milango, picha ya ndoa yenye kioo. Watu wenyewe walikaa juu kabisa, kimya, wakitazama nyuma.

Stesheni haikuwa tena stesheni. Ilikuwa kijiji cha vitambaa. Kila familia ilikuwa imejiwekea mraba wake kwenye saruji kwa masanduku na mashuka, na katikati ya mistari hiyo watu walipita kwa adabu wakiomba samahani, kama bado wana nyumba. Treni ilikuwa inangojwa tangu Jumanne ya wiki iliyopita. Mtoto alikohoa, wa pili akamwitikia.

Mama Tshibola, mke wa Ntumba, ndiye aliyemwona kwanza. Alikuwa akipepea moto chini ya sufuria ndogo.

"Tazama," alisema bila kuinuka. "Banatufukuza asubuhi, na kisha banatuma mutoto."

"Jambo, Mama."

"Jambo ya nini? Unaleta nini?"

"Unga, Mama. Na chumvi."

"Na unataka nini?"

Bilonda aliangalia miguu yake. Alitamani ardhi ipasuke. Lakini ardhi ya stesheni ilikuwa saruji, na saruji haikuwa na huruma.

"Pete," alisema kwa sauti ndogo. "Shefu anauliza pete za minyororo zinakaa wapi."

Mama Tshibola aliacha kupepea. Kisha akacheka, kicheko kikavu kilichomfanya jirani wa mraba wa pili ageuke. "Munasikia? Nyumba bamekamata. Kitanda bamekamata, na kuku zangu sita. Sasa bamesahau kitu kimoja ndani ya kichwa ya bwana yangu, bamekuya kuchukua."

"Tshibola, mwache mutoto," ilisema sauti nyuma ya masanduku. "Mutoto huyu ukimwambia neno mbili, anakosa usingizi juma moja. Kuya, Mama Kimya. Kaa pale juu ya valizi ya nguo, haina kitu ya kuvunjika. Ile ya kuvunjika balishaivunja."

Tata Ntumba alikuwa amekaa juu ya gunia na mgongo ukutani, ndevu za siku tisa zimeota nyeupe. Shati lilikuwa lilelile la ofisini, na kwenye mfuko penseli yake ya kuchorea. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi na kukosa usingizi, lakini alipomwona Bilonda yalichangamka kidogo, kama makaa yakipulizwa.

"Nilijua utakuya," alisema. "Nilimwambia Mungu, atume mutu wa biro yangu kabla treni haijafika. Bilonda, lile bato tulilichora vibaya."

Alidhani hakusikia vizuri. "Vibaya namna gani, Tata? Lilikimbia."

"Lilikimbia na shaba." Alinyoosha kidole kuelekea barabarani. "Tazama pale. Tazama ile kamio."

Lori lilikuwa limesimama kando ya reli na watu walikuwa wanashusha vitu. Lilikuwa limechuchumaa. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yamemezwa na mzigo, bodi inagusa matairi, na huko mbele pua imeinuka juu kama mbwa anayebwekea mwezi. Hata mlango wa nyuma ulikuwa umefunguliwa ukabebeshwa magunia, yakining'inia hewani kwa kamba, na juu ya magunia kulikuwa na watu.

"Siku tisa niko hapa," Ntumba alisema. "Sina kazi, natazama kamio. Nimehesabu mia moja na kumi na nne. Hakuna moja yenye kukaa sawa. Yote uzito iko nyuma, na nyuma ya nyuma. Na sisi kule bwawani tulipanga nini? Vibamba ya shaba, bapa, safi, kama kitanda ya hospitali. Sababu sisi ni batu ya shaba, Bilonda. Tangu nilikuya Kolwezi na miaka kumi na nane, kwangu uzito ni kitu yenye kulala bapa. Sikuwaza gunia hata siku moja."

Aliokota kipande cha boksi, akaomba mkaa kwa mkewe, naye akampa huku amenuna. Akachora chombo, mlango mbele, injini nyuma. Akachora lori likiingia kwa pua.

"Dereva wetu ataingia namna gani? Kwa pua, sababu ni mwanaume, haogopi. Pua ya kamio inaenda kule nyuma, karibu na mashine. Na matako yake mazito yanabaki wapi?"

"Mlangoni," alisema Bilonda. Na alipokuwa akisema, aliona. Mbele pazito. Chombo kinashika mbio, kinataka kuinua pua, hakiwezi. Mlango unakutana na maji. "Kitachota," alisema. "Kama kijiko."

"Kama kijiko," Ntumba aliitikia. "Katikati ya ziwa. Na batu bakikaa juu ya magunia."

Mama Tshibola alikuwa amesimama na upepeo mkononi.

"Basi kamio inaingia kinyumenyume," alisema Ntumba. "Kila moja, kila safari. Uzito unaenda nyuma, pua inainuka. Na kule ng'ambo inatoka mbele moja kwa moja, haisumbuki. Pete kubwa zinakaa boriti ya sita. Ndogo, boriti ya pili. Sikuweka juu ya plani sababu kuna kitu kilikuwa kinanikatalia, sikujua ni nini. Sasa najua." Alimpa lile boksi. "Na uandike maneno hayo juu ya plani, herufi kubwa: LORI LIINGIE KINYUMENYUME. Dereva hasomi hesabu."

Bilonda alikunja boksi, akaliweka ndani ya kitabu chake. Ilimpasa kuondoka. Badala yake alianza kulia, bila sauti, kama afanyavyo kila kitu.

"Nini tena?"

Aliwaambia. Wembe, kartushi, plani saba, wale vijana wa kesho. Alizungumza akitazama mikono yake, na alipomaliza hakuinua uso, kwa maana alimjua Mama Tshibola ni mtu wa kurusha kitu.

Lakini Mama Tshibola hakurusha kitu. Alikaa chini polepole, mkono kwenye goti, kama mwanamke mzee, akasema tu, "Hata jina."

"Ukwangue," alisema Ntumba.

"Tata!"

"Ukwangue polepole, usitoboe kalki. Mi nilikufundisha nini? Jina ni la kuuliza. Bato likizama, bataniuliza wapi? Mwene-Ditu, kule Kasai? Kama nitafika Mwene-Ditu?" Alijaribu kutabasamu. "Utabaki weye. Basi jina liwe la mwenye kubaki. Usipoteze kazi sababu ya herufi saba. Uko na mama nyumbani, na badogo wawili, na bote banakula."

Bilonda alipoinuka kwenda, Mama Tshibola alimfuata mpaka mwisho wa mraba wao. Alikuwa ameshika kikombe cha unga, sehemu ya ule aliouleta.

"Chukua, upikie mama yako bukari," alisema. "Mutoto asirudi mikono mitupu." Bilonda alikataa, na yule mama akamkazia macho mpaka akachukua.

*

Alirudi ofisini saa nane mchana. Wenzake walikuwa wameshaondoka. Siku hizo hakuna aliyengoja kengele. Alitandika plani ya saba, akachora pete, nne kubwa boriti ya sita, nne ndogo boriti ya pili. Akaandika yale maneno kwa herufi kubwa. Kisha akafungua karatasi ya wembe.

Aliyoyasema Tata Ntumba yalikuwa ya kweli, na ndiyo maana yalimchosha. Jina ni la kuuliza. Lakini kama mtu angekuja kumwuliza yeye kwa nini kinyumenyume, angejibu nini? Angesema: kuna mzee alikaa stesheni siku tisa akihesabu malori. Kwa hiyo angelitaja tu. Wembe ungelitoa jina kwenye karatasi, nalo lingemngoja mdomoni, na mtu mwenye kusema kwa shida kama yeye ndiye angebebeshwa.

Alishika wembe muda mrefu. Kisha macho yake yakapanda juu kidogo ya kartushi, penye jedwali dogo ambalo wachoraji hulijaza mara chache na kwa kinyongo: jedwali la masahihisho. Plani ikirekebishwa, sheria inasema uandike herufi ya sahihisho, sababu yake, nani aliagiza na nani alitekeleza. Ni sheria ileile ya Shefu Nkulu.

Alichovya kalamu. Akaandika: *B. Lori liingie kinyumenyume, pete zimehamishwa. Sababu: mzigo wa malori uko nyuma. Ameagiza Ntumba K., stesheni ya Kolwezi. Ametekeleza Bilonda.* Na tarehe. Jina la mzee sasa lilikuwa mara mbili kwenye plani ile.

Halafu, kabla moyo haujambadilikia, alipitisha plani zote saba kwenye mashine ya kunakili, ile inayonuka amonia mpaka machozi yatoke, na mara hii machozi hayakuwa ya amonia peke yake. Akazikunja nakala, akavuka ua, akampelekea Tata Aruna, bwana wa kuchomelea.

Aruna alikuwa ndio kwanza anakunja mkeka wake baada ya swala. Wazee wake walitoka Maniema, mkoa mwingine, na siku hizo hata yeye alikuwa akirudi nyumbani kwa njia za nyuma. Alisoma plani ya saba polepole, midomo ikicheza. Alifika kwenye jedwali, akasimama hapo.

"Nkulu ameona hii?"

"Bado, Tata."

"Mm." Aliikunja nakala, akaiingiza ndani ya shati, kifuani. "Basi mimi nimeshaipokea. Plani ikishaingia atelye imeingia."

Kesho yake Nkulu aliiona kalki. Hakupiga kelele, hakuwa na nguvu ya kelele. Alivuta kiti cha Ntumba, akakaa juu ya ule mto wa kitenge, akachukua wembe akaanza kukwangua mwenyewe. Alikuwa amekaa ofisini miaka mingi bila kushika kalamu. Kwenye herufi ya tatu kalki ikatoboka, na alipojaribu kulisafisha tundu, likapanuka.

"Ona sasa," alisema. Aliacha wembe. Baadaye kidogo akasema, "Alinifundisha na mimi, unajua? Mwaka sabini na moja." Halafu bila kumtazama: "Enda nyumbani, Bilonda. Uko kongé. Ya siku ngapi, sijui. Mi mwenyewe sijui niko hapa ya siku ngapi."

Wale vijana walikuja saa tano. Hawakufungua saraka hata moja. Walichukua saa ya ukutani, birika, na kiti cha Ntumba pamoja na mto wake, wakaenda zao wakiimba.

*

Treni iliondoka siku ya kumi na tisa. Bilonda alikwenda na mkate, akakuta saruji tupu, mistari ya miraba bado inaonekana kwa majivu. Watu walisema mabehewa yalikuwa ya ng'ombe. Walisema mengi mengine pia, ya njiani, ambayo hakutaka kuyasikia na aliyasikia hata hivyo. Aliwapa mkate watoto waliokuwa wakiokota misumari.

Miezi ilipita, likizo yake haikuisha. Alilima viazi nyuma ya nyumba. Mwezi wa nane Aruna alimtumia neno kwamba bato linajaribiwa, naye akaazima baiskeli akaenda Nzilo, akipumzika kila kilima.

Maji yalikuwa yamerudi mbali kama kila kiangazi. Juu ya matope makavu chombo kilikuwa kimelaza mlango wake chini, alumini yake inang'aa, injini zake mbili zimetolewa kwenye pampu za mgodi zilizokwisha kusimama. Ng'ambo, malori ya mahindi yalikuwa yanangoja. Upande huu lori la kwanza, la dereva aitwaye Moussa, lilibeba mapipa, sabuni, chumvi, na watu juu. Lilichuchumaa. Na lilikuwa linakuja kwa pua.

"Simama!" alipiga kelele Aruna. "Geuka! Ingia matako!"

"Nini? Mi naendesha kamio miaka ishirini, nikaingie kama kaa?"

"Kinyumenyume, nimesema!"

"Nani anasema? Weye fundi wa masufuria?"

Aruna aliingiza mkono kifuani akatoa nakala, imechakaa, ina jasho la miezi mitano. Akaitandika juu ya boneti ya lori na kuigonga kwa kidole. "Ntumba anasema. Soma hapa. N, tu, mba. Ukiwa na ubishi, umtafute umwulize."

"Ntumba gani? Yule Mukasai wa biro?" Moussa aliinama, akasoma, akakuna shingo. Baadhi ya watu juu ya mzigo walitazama pembeni. "Yule mzee alikuwa na akili," alisema mwishoni, kwa sauti ndogo. "Alinichorea springi ya lori hili."

Akapanda, akageuza, akaingia kinyumenyume.

Bilonda alisimama kati ya vigingi viwili vilivyopimwa ufukweni, mita mia mbili kutoka kimoja hadi kingine, saa mkononi. Chombo kilirudi nyuma, kikageuka, kikaanza kusukuma maji, kizito, kikiguna. Kwa muda hakikufanya kitu. Kisha pua ikanyanyuka, kidogo, halafu zaidi, povu jeupe likatoka kwenye ule mfereji nyuma, na mlango ukawa hewani, haujui hata kama kuna maji.

Sekunde thelathini na moja, kutoka kigingi hadi kigingi. Alipiga hesabu nyuma ya kipande cha boksi, lile la mkaa, ambalo bado lilikuwa ndani ya kitabu chake.

Aruna alikuja akifuta mikono. "Ngapi?"

"Ishirini na tatu kwa saa."

"Na yeye alitaka?"

"Thelathini."

"Atasema ni makosa ya mashine zetu."

"Atasema," alisema Bilonda.

Aliiandika namba, akaichorea mstari chini, na tarehe. Pembeni angeandika anwani ya kumtumia, lakini hakuna aliyekuwa nayo. Aruna alikuwa ameuliza kwa wafanyabiashara wa Mwene-Ditu mara mbili. Aliuliza tena mwezi ule na hakujibiwa.

Ng'ambo, lori la Moussa lilitoka mbele moja kwa moja na kupanda mlima bila kusimama. Chombo kilianza kurudi na lori la kwanza la mahindi. Na hapa ufukweni dereva wa pili, ambaye hakuna aliyemwambia neno, alikuwa ameshageuza gari lake, mgongo kwenye maji, anangoja.